Choo chako si shimo la kila taka

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayelima nyuma ya nyumba: katika milima ya Bibokoboko, juu ya Baraka, shamba lilizoea samadi ya ng'ombe. Samadi ikikosekana, matope ya choo yaliyooza vizuri pamoja na majani nayo hustawisha mimea. Hilo sipingi. Napinga desturi ya kutupa chooni kila kisichotakiwa.

Tazama vinavyoingia humo: betri za redio, mabaki ya rangi, hata zebaki ya wasafisha dhahabu. Joto la mboji huua mayai ya minyoo, lakini risasi na kadimiamu haziozi. Majani hupungua, metali hubaki, na kila msimu wa mbolea huongeza juu ya ule uliopita. Ulaya, sheria ya mwaka 1986 ilitaka udongo unaotiwa matope hayo usizidi miligramu 3 za kadimiamu kwa kilo.

Udongo mchachu huachia kadimiamu upesi, na lengalenga huivuta kuliko punje za mahindi. Majivu ya jikoni au chokaa hupunguza uchachu, basi metali hushikwa zaidi na udongo. Hazitoki, lakini; anayesema majivu husafisha shamba anajidanganya.

Betri zilizokwisha ziweke katika kopo lenye kifuniko, mbali na watoto. Kampuni nayo iweke pipa la kuzipokea mlangoni pa kazi. Na nguo za mgodini, tafadhali, usizifulie kando ya bustani.