Hesabu za Nyumbani: Shilingi Mia Mbili za Kila Siku

Askari akiwa kazini Karamoja na mkewe akiwa Masaka, simu ya mkononi ndiyo inayowaunganisha. Kwa simu hupelekwa salamu, na kwa simu hupelekwa karo ya watoto na fedha za chakula. Kwa hiyo sheria ya simu inapobadilishwa Kampala, badiliko hilo hufika mpaka jikoni.

Ndivyo ilivyokuwa nchini Uganda tarehe 1 Julai 2018. Siku hiyo ilianza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila aliyetaka kutumia mitandao kama WhatsApp na Facebook. Pamoja nayo ilianza kodi ya asilimia 1 juu ya fedha zinazopitishwa kwa simu.

Shilingi 200 zilionekana kuwa kitu kidogo, lakini kwa siku 30 ni 6,000, na kwa mwaka mzima ni 73,000. Tena kodi hiyo haikutazama mfuko wa mtu. Tuseme tajiri alinunua intaneti ya shilingi 10,000 kwa siku, na mke wa askari akanunua ya 1,000. Wote wawili walitozwa 200 zile zile. Kwa tajiri, hiyo ilikuwa sehemu moja katika hamsini ya matumizi yake. Kwa mama huyo, ilikuwa sehemu moja katika tano.

Matokeo yake yalionekana upesi. Wengi waliacha kulipa, na wengine wakapita mlango wa nyuma kwa programu za VPN. Serikali ilitarajia shilingi bilioni 284 katika mwaka wa kwanza, ikapata bilioni 49.5 tu. Kodi iliyomlemea mwenye kidogo haikumfaidi hata aliyeitoza.

Baada ya malalamiko, kodi ya fedha ilipunguzwa mwaka huo huo wa 2018 ikawa nusu ya asilimia moja, nayo ikabaki kwa wanaotoa fedha peke yao. Kodi ya shilingi 200 ilikoma tarehe 1 Julai 2021, na mahali pake ikawekwa asilimia 12 juu ya intaneti, isipokuwa ile ya matibabu na elimu. Kwa njia hiyo, anunuaye kidogo hutozwa kidogo. Lakini hata asiyegusa mitandao hiyo huchangia.

Kila nyumba na itenganishe mambo mawili: kodi ya serikali na ada ya kampuni. Nusu ya asilimia moja ya shilingi 100,000 ni 500, zitolewe mara moja au mara nne. Ada ya kampuni, kinyume chake, hutozwa kila mara fedha zinapotolewa. Basi mume na mke wasome kwanza orodha ya ada kwa wakala, kisha wapatane fedha zitolewe mara ngapi kwa mwezi, na kila makato yaandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari.