Kama Umeweka Keji, Vaa Helmeti Hadi Ukienda Kununua Mkate

Video yangu iliyoangaliwa zaidi ni ya keji. Sekunde 48. Subaru Impreza ya bluu, milango wazi, mabomba meupe yamepita juu ya vioo kama mbavu za ng'ombe, na mimi kwa ile sauti ya mjuaji nikisema, "Sasa hii ndai imekomaa." Watu 41,000 wameiona. Mpaka leo nusu ya inboksi yangu ni swali moja: fundi ni nani na anachukua pesa ngapi?

Namba ya fundi siwapei. Video nimeitoa jana. Hii ndiyo sababu, na najua kuna wasee watanitusi kwa komenti, karibuni tu.

Kwa wale wageni, roli keji ni ile fremu ya mabomba ya chuma inayofungwa ndani ya gari la mashindano, ili gari likibingirika paa lisiwafinye walio ndani. Inafanya kazi, wala sibishani na hilo. Ninabishana na kuitoa kwa gari la rali na kuiweka kwa gari ambalo unaendea kazini Kondele ukiwa na kofia ya kitambaa, halafu unaita hiyo usalama.

Mwenye ile Impreza ni beste yangu tangu Form One. Jioni moja mwezi wa pili alikuwa anarudi kutoka Maseno. Pale Kisian, penye njia ya kwenda Bondo, boda ikaingia barabarani bila kuangalia. Akakwepa, akakanyaga breki, akaingia mtaroni. Spidi ilikuwa kama 40 hivi. Gari halikubingirika. Hata kioo hakikupasuka. Bampa, taa moja na rejeta, basi. Kwa gari la kawaida hiyo ni ajali ya kushuka, kutukana kidogo na kumpigia mtu wa bima simu. Yeye alishonwa nyuzi 14 juu ya sikio, kwa sababu kichwa chake kiligonga bomba lililo juu ya mlango. Na mshipi alikuwa amefunga!

Gari lilitengenezwa kwa siku nne. Yeye huu ni mwezi wa tano na bado anasahau neno katikati ya sentensi. Jua la Kisumu mnalijua, sasa yeye akitoka nje saa sita lazima ashike ukuta kwanza. Anauza spea, na siku hizi mteja akimpa noti ya elfu anamwita dada yake ahesabu chenji. Msee aliyekuwa anakutajia bei ya kila kitu dukani bila kuangalia kitabu.

Mimi niliacha uhandisi mwaka wa pili kwa hivyo msiniite injinia, lakini hii haihitaji digrii. Mshipi wa kawaida unakushika bega moja na kiuno. Umetengenezwa ukuachilie kidogo, ndiyo maana gari likigonga kitu kichwa chako kinaruka mbele na kando kabla kurudi. Waliounda gari wanajua hivyo. Wameacha nafasi, wakafunika vyuma vya pembeni na plastiki inayobonyea, na magari mengine yana mifuko ya hewa inayoshuka kama pazia kando ya kichwa. Sasa wewe unachukua bomba la chuma unalipitisha katikati ya hiyo nafasi. Umejiwekea nyundo sentimita chache kutoka kwa sikio, na huwezi kujua itakupiga siku gani.

Dereva wa rali hapigwi na hiyo nyundo kwa sababu amefungwa kama mzigo. Kiti kinamkumbatia mabega, mishipi inamshika mabega yote mawili, kiuno na mapaja, ana helmeti, na ana kile kifaa cha HANS kinachozuia kichwa kurushwa mbele. Halafu bomba lililo karibu na helmeti linavishwa sponji ngumu maalum, si ile ya godoro. Hivyo vyote ni kitu kimoja. Ukichukua keji peke yake umechukua sehemu inayoua.

Najua mapenzi yetu kwa hii kitu yametoka wapi. Patrick Njiru alimaliza wa nne Safari Rally ya 1994 na Impreza. Colin McRae akaishinda 1997 na Impreza, na kuna dereva wetu Mkenya anaitwa McRae Kimathi kwa sababu ya huyo jamaa. Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia 2021, nusu ya Kisumu ilihamia Naivasha wikendi nzima, mimi nikiwa mmoja wao, nikilala ndani ya Probox na watu watano. Kwa hivyo msiniambie sielewi. Naelewa kabisa. Ukifungua mlango uone yale mabomba, moyo unadunda.

Lakini hebu tuongee kuhusu keji zenyewe tunazowekewa mtaani. Kanuni za FIA, Kiambatisho J, kifungu cha 253, mtu yeyote anaweza kuzisoma bure. Tao kuu, lile linalopita nyuma ya viti vya mbele, linatakiwa liwe bomba la kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0. Bomba lenyewe lisiwe na mshono. Mahali mguu wa keji unapokanyaga sakafu pawekwe bamba la chuma la unene wa milimita 3, la sentimita za mraba 120 angalau, na kila mguu ufungwe na bolti tatu au zaidi za M8. Ukienda kushindana, mkaguzi anaangalia hivyo vitu kabla hujawasha gari.

Ya beste yangu tuliipima baada ya ajali. Bomba lina mshono kutoka juu mpaka chini, lile la kutengenezea mageti. Kona hazikukunjwa na mashine, zilikatwa kama herufi V zikarudishwa zikachomelewa, halafu zikapakwa rangi nyeupe ili mimi nije niseme ndai imekomaa. Miguu miwili imechomelewa moja kwa moja kwa bati la sakafu. Bati! Gari likibingirika kwa kasi, huo mguu unatoboa sakafu kama kijiko kwa ugali. Alilipa 55,000. Hiyo ni taya nne mpya na breki pedi, na breki ndizo zilihitajika pale Kisian, yawa.

Fundi simlaumu sana. Aliambiwa atengeneze kitu kinachofanana na picha kwenye simu, akatengeneza, na picha niliyomwonyesha ilikuwa kwenye simu yangu.

Kuna wale wa "keji inakaza bodi, gari linashika kona vizuri." Sawa, kwa changarawe ya Naivasha ukitafuta sekunde. Wewe kona yako ni raundabauti, mbele yako tuktuk, kando mama amebeba omena kichwani, na ukipita hapo kuna matuta matatu yasiyo na rangi. Unataka bodi ikazwe ya nini? Umeongeza kilo 30 au 50 ndani ya gari ili uende polepole zaidi kwa tuta.

Wengine wataniambia, omera, si afadhali keji mbovu kuliko paa kunifinya? Hilo ni swali la haki na nimelifikiria. Mnakumbuka Fort Ternan. Oktoba 2018, alfajiri, basi la kutoka Nairobi kwenda Kakamega likabingirika kwenye barabara ya Londiani kwenda Muhoroni, paa likang'oka, watu zaidi ya 50 wakafa. Wengi huku Magharibi na Nyanza tunajua mtu anayejua mtu aliyekuwa ndani. Kwa hivyo hakuna atakayenidanganya kwamba nguvu ya paa ni mchezo. Lakini basi la abiria lina kiwango chake cha kuunda bodi, KS 372, na hapo ndipo mtu anayependa mabomba ya chuma angepiga kelele: hii bodi ya basi ninalopanda leo usiku kwenda Nairobi, nani aliikagua? Sijaona hata mmoja wenu akiuliza. Mnauliza bei ya kuweka keji kwa gari ambalo paa lake lilitoka kiwandani likiwa sawa.

Na keji mbovu haingojei ubingirike ndiyo ikuguse. Iko hapo kila siku, kila tuta, kila mtu akikugonga nyuma kwenye foleni ya Mamboleo.

Kitu kilichonifanya nifute video si hata zile nyuzi 14. Ni kiti cha nyuma. Kabla ya ajali, beste yangu alikuwa anampeleka mtoto wa dada yake shule kila asubuhi na hiyo gari. Miaka sita. Tulipokuwa tunapima mabomba nikakaa nyuma, pale mtoto anapokaa, nikainama kuwa mfupi kama yeye. Lile bomba la mshazari linalokata tao kuu linapita mbele ya uso wake, mahali pa meno. Halina sponji. Halina chochote, rangi tu. Nilitoka nje nikakaa kwa tairi kidogo.

Kama unataka kushindana, shindana. Nunua gari la pili, hata kama ni bovu, litoe viti, tafuta mtu anayejua kanuni, vaa vitu vyote, litolewe kwa trela. Nitakuja kukurekodi bure. Lakini kama ni ile gari moja uliyo nayo, ya kazi, ya kanisa na ya kupeleka watu Dunga kula samaki Jumapili, usinitumie tena picha ukiniuliza kama itakaa poa. Itakaa poa. Jibu langu bado ni hapana.

Jumamosi tunaikata ya beste yangu. Nimekopa grenda, na fundi mwingine atatuziba yale matundu ya sakafu. Kama kuna mtu anajenga banda la kuku huko Nyamasaria au Ahero, mabomba yapo, aniandikie inboksi. Ya bure.