Daftari la mama mwenye duka Kolandoto

Mama mmoja wa Kolandoto amenitumia picha tatu za daftari lake la mauzo na madeni. Ana duka dogo kando ya barabara ya kwenda Mwanza, kabla hujafika Maganzo. Kwenye kurasa zote tatu jina lililozungushiwa kalamu nyekundu ni la mwanawe wa kwanza, miaka 24, aliyerudi nyumbani kutoka machimbo ya Geita na sasa anaendesha bodaboda ya mtu. Chini ya picha ameandika: "Dada, sigara na vile vichupa ndivyo vinavyomsomesha mdogo wake chuo. Nikiacha kuviuza, binti atarudi nyumbani. Nikiendelea, namuua huyu. Nifanye nini?"

Kwa ruhusa yake nalifungua daftari hapa, bila majina. Wazazi wengi tuna daftari kama hili, ila hatujaliandika.

Kwa siku ya kawaida kijana huchukua sigara sita za reja reja kwa 1,200, kichupa kimoja cha pombe kali kwa 2,500 na kinywaji cha enaji kwa 700. Msokoto wa bangi haumo daftarini, lakini mama si mtoto. Anajua unanunuliwa wapi na kwamba ni kama 1,000. Jumla 5,400 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 140,400 kwa mwezi.

Sasa tazama upande wa kipato. Mama anasema siku njema kijana hupata 14,000. Hesabu ya tajiri ni 7,000, mafuta 3,000. Zinabaki 4,000. Matumizi ni 5,400. Pengo la 1,400 analiziba nani? Muuza bangi hakopeshi, na muuza gongo hakopeshi. Anayekopesha ni mama mzazi. Kwa hiyo deni lote linatua dukani kwake: 36,400 kwa mwezi.

Na faida? Pakiti ya sigara 20 anainunua 3,200, akiuza moja moja anapata 4,000. Kichupa ananunua 2,100. Enaji inamwachia 150. Kwa kijana huyu, kama angelipa kila kitu, faida ingekuwa 790 kwa siku, yaani 20,540 kwa mwezi. Toa deni la 36,400 asilolipa. Mama, huyu mwanao hasomeshi mtu. Wewe ndiye unayemlipia anywe, na karo ya binti inatoka kwa wateja wengine wa sabuni, sukari na mafuta ya taa. Kichupa kimoja anachokopa bila kulipa kinakula faida ya vichupa vitano na zaidi.

Hilo ndilo lililonifanya niandike. Tumezoea kuzungumzia ulevi kana kwamba kila kilevi kina mtu wake: huyu mvutaji, yule mnywaji, yule wa bangi. Daftari halisemi hivyo. Siku ambazo kijana hakuchukua kichupa, sigara ni tatu au nne. Siku za kichupa ni saba, nane. Vitu hivi viwili vinatembea pamoja, kama chai na andazi. Enaji nayo imeingia kwa sababu ya kichupa: inamfanya ajione yuko macho. Lakini pombe iliyo kwenye damu haipungui hata kidogo kwa sababu ya enaji. Anajiona mzima, anawasha pikipiki, anapakia abiria.

Kuna uhusiano wa pili, nao ni kinyume cha huo. Katika wiki moja mama alikataa kabisa kumpa kichupa. Sigara zikapungua, akafurahi. Baadaye jirani akamwambia kijana anaonekana jioni kwa mama mmoja auzaye gongo. Vichupa na gongo haviendi pamoja. Kimoja kikipanda bei au kikikosekana, kingine kinachukua nafasi yake. Kwa hiyo mama aliponyamazisha daftari, hakunyamazisha ulevi. Aliuhamishia mahali asipoweza kuuhesabu, na kwenye kinywaji kisichopimwa na mtu yeyote.

Nchi nzima ilipitia somo hilo mwaka 2017. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, akiwa Mererani kwa wachimba tanzanite, alitangaza kwamba kuanzia Machi 1 viroba vya pombe kali ni marufuku. Nami nilishangilia, maana viroba viliingia hadi kwenye mabegi ya wanafunzi. Uzuri wa kiroba kwa mnywaji ulikuwa udogo wake: mwenye mia tano alikuwa mteja. Marufuku yaliondoa bei ile ya mia tano, na kwa mtoto wa shule huo ni ukuta mkubwa. Kwa mtu mzima aliyekwisha kuzoea, ukuta una mlango wa nyuma, na mlango huo ni gongo.

Vivyo hivyo kila Juni, Waziri wa Fedha anaposoma bajeti Dodoma, tunasikiliza ushuru wa bia na sigara. Ushuru unafanya kazi, tusidanganyane. Katika nchi za kipato kama chetu, bei ya sigara ikipanda kwa asilimia 10 uvutaji hupungua kwa takriban asilimia 5, na vijana na wenye kipato kidogo ndio hupunguza zaidi. Ila gongo haisomewi bajeti, wala bangi, wala ugoro wa bibi. (Ugoro hatuuhesabu kabisa, kwa sababu ni wa bibi. Ni tumbaku ileile inayolimwa Kahama na Tabora.)

Kijana huyu aliyapata wapi yote haya? Waliokaa machimboni wanajua. Kwenye maduara hakuna mshahara wa mwisho wa mwezi. Watu wanagawana mifuko ya mawe, na mwezi mzima unaweza kupita kwa mkopo wa mama ntilie. Duara likitema, mtu analala na fedha ambayo hajawahi kuishika, mahali pasipo kufuli wala benki, katikati ya wenzake wote wanaojua anazo. Sigara ni ya kusubiri zamu, bangi ni ya kuondoa woga wa kushuka shimoni, pombe ni ya kupanda. Kila kimoja kina saa yake ya kazi. Kinachobaki mtu akirudi nyumbani ni saa zote hizo bila shimo.

Mahali pengine mchanganyiko ni mwingine. Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar, bandarini na njiani mwa meli, wazazi wanalia na heroini. Ndiyo maana kliniki ya methadone ilianzia Muhimbili mwaka 2011. Lakini methadone ni ya heroini na jamii yake tu. Haitibu pombe wala bangi, na mgonjwa anayeinywa akaongeza pombe juu yake anaweza kuacha kupumua usingizini. Mtu akiacha kimoja huku akiongeza kingine, bado yuko barabarani.

Sasa swali lako, Mama. Sitakuambia ufunge duka. Anza na mkopo: mwanao asikopeshwe tena kitu chochote kati ya vile vitatu, hata sigara moja. Kwa hesabu uliyonipa, karo ya binti haitaguswa; itaongezeka. Chakula umpe, tena ashibe.

Lakini usifanye hivyo kesho asubuhi kabla hujaongea na daktari. Mtu anayekunywa pombe kali kila siku kwa muda mrefu akikatishwa ghafla, mwili unaweza kugoma: kutetemeka, jasho, kuona vitu visivyopo, hata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo. Watu wanakufa hivyo, na majirani husema amerogwa. Hospitali ya Kolandoto iko jirani yako. Nenda naye, na kama hataki, nenda wewe kwanza na daftari. Mwambie daktari vyote vinne, pamoja na bangi. Wazazi wengi hutaja pombe na kuficha bangi wakiogopa polisi, kisha mgonjwa anatibiwa nusu.

Tena zungumza na tajiri wa pikipiki kabla abiria hajaumia. Najua hofu yako: atanyang'anywa kazi. Huenda. Mwombe ampumzishe kwa muda wa matibabu, na nafasi yake imsubiri.

Vichupa kwa wateja wengine, hapo umenikamata. Nimepiga hesabu mara mbili nikitafuta namna ya kukuambia uache bila kukugusa mfukoni, na sijaipata. Kila kichupa ni 400, na wewe una binti wa kusomesha. Ningekuwa mimi, ningeanza kwa kuviondoa kwenye rafu ya mbele ambako watoto wanaotumwa chumvi wanaviona, na sigara nisingemuuzia mtoto hata akisema ametumwa na baba yake. Sheria ya tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na haiulizi katumwa na nani.

Umeniambia muhula mpya wa binti unaanza mwezi ujao. Nitumie ukurasa wa nne wa daftari wakati huo, tuuangalie pamoja.