Mtoto Anayeuliza si Mtovu wa Adabu



Tukizunguka vijijini kwa kazi za Chama, twasikia shule ikisifiwa kwa neno moja: darasani kimya, hata nzi akipita utamsikia. Watu husema hivyo kwa fahari. Mimi nimesomea ualimu, na kimya hicho chanitia hofu. Watoto hamsini wazima, wenye macho na masikio, hunyamazaje siku nzima, kama si kwamba wamekwisha kujua kuwa kuuliza kuna gharama yake?

Tutazame habari moja ya nchi yetu wenyewe. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwako kijana jina lake Erasto Mpemba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aisikrimu: huchemsha maziwa, hutia sukari, huyaacha yapoe, ndipo huyaweka katika jokofu. Siku hiyo nafasi ilikuwa chache. Mpemba aliogopa kuikosa, akayaingiza yake yangali ya moto. Mwenzake alitia maziwa ambayo hakuyachemsha kabisa. Baada ya saa moja na nusu ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado mazito kama uji. Akamwuliza mwalimu wa fizikia sababu. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Alinyamaza, lakini hakusahau. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Mwalimu wa huko akamwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo, kila alipokosea hesabu, darasa zima lilimcheka kwamba hiyo ni hesabu ya Mpemba. Kisha akaja mgeni kutoka Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu. Mpemba akasimama akauliza lile lile. Wenzake wakaona amewaaibisha. Osborne hakulitupa swali: aliporudi Dar es Salaam aliagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 wakatoa makala pamoja. Jambo lenyewe sasa laitwa Athari ya Mpemba duniani kote.

Wataalamu wanabishana hadi leo juu ya sababu yake, na wapo wasemao kwamba halitokei. Haidhuru. Walimu wale hawakuwa wajinga. Kosa lao ni kwamba walimpata mtoto aliyeona kitu kwa macho yake, wakamtaka ayakane macho hayo. Kumjibu kwa haki kungegharimu vikombe viwili na jokofu, na jokofu lilikuwapo.

Wala mimi sijitoi. Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, nilifundisha kugawanya sehemu. Nikaandika kanuni ubaoni: geuza sehemu ya pili, kisha zidisha. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwa nini tunaigeuza?" Sikujua. Nilikuwa karibu kupewa cheti, na sikujua. Nikamwambia akae, kanuni ndivyo ilivyo, na mtihani hauulizi kwa nini. Katika maneno yangu yote, hilo la mwisho lilikuwa kweli tupu. Majuma yote yaliyobaki hakunyoosha mkono tena.

Hapo kwenye mtihani ndipo penye mzizi. Mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba ulifanywa wa kuchagua majibu, hata Hisabati. Mtoto hutia kivuli katika herufi moja kati ya tano, mashine ikasahihisha. Miaka ya baadaye Hisabati ikarudishiwa maswali machache ya kuonyesha njia, na hilo ni jema, lakini mazoea yalikwisha kuota. Mwalimu apimwa kwa matokeo, mwalimu mkuu apimwa kwa matokeo, nasi wazazi twanunua vitabu vya maswali na majibu. Nani atapoteza kipindi kueleza sababu?

Serikali ya Wajerumani ilipofungua shule pale Tanga ilitaka makarani na maakida. Karani mzuri kwake ni yule asiyeuliza kodi yaenda wapi. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, alitaka kinyume chake: akili ya kudadisi, na uwezo wa kujifunza kwa wengine na kuyakataa yasiyotufaa. Je, darasa letu lafanana na la nani kati ya hao wawili?

Wapo watakaosema: watoto ni mia, mwalimu ni mmoja, akijibu kila swali kipindi kitakwisha. Hoja hiyo siipuuzi, na walimu na madarasa lazima tuyadai kila bajeti. Lakini kusema "sijui, tutatazama pamoja kesho" hakuhitaji darasa jipya. Wengine watasema mtoto akizoezwa kuuliza ataota pembe, hata shikamoo ataiacha. Ati! Bibi zetu walitutegea vitendawili kila jioni. Mtoto aliyeshindwa alitoa mji, akapewa jibu, kisha akamtegea bibi cha kwake. Nani alivunjiwa heshima hapo?

Na sisi wenyewe je? Mwaka 1962 Nyerere aliwaandikia wana-TANU kijitabu, akakiita Tujisahihishe. Lakini majuzi katika mkutano wa tawi nililohudhuria, kijana aliuliza michango ya mwaka jana imetumikaje. Mzee mmoja akasema vijana wa siku hizi hawana adabu, ukumbi ukapiga makofi. Nami nilipiga. Nilikwenda nyumbani nikimkumbuka yule binti wa sehemu.

Basi, kamati za shule zitakapokutana, mwanachama aliye mjumbe asiulize tu wamefaulu wangapi. Aombe kukaa nyuma ya darasa kipindi kimoja, ahesabu maswali yaliyotoka kwa watoto. Akikosa dawati, asimame. Na swali la yule kijana nimeomba liwe la kwanza katika ajenda ya Jumamosi. Mweka hazina aje na daftari.