Chui Arudi Kwao

Huko London, katika jumba la makumbusho, yupo chui milia wa mbao. Amemlalia askari wa Kizungu, anamng'ata shingo. Ndani yake mna kinanda. Kishikio kikizungushwa, chui hunguruma na askari hulia.

Chui huyu alikuwa mali ya Tipu Sultan, mtawala wa Mysore, India ya kusini. Chui ilikuwa alama yake. Tipu alipigana na Waingereza. Mwaka 1799 aliuawa vitani, na Waingereza wakachukua mali yake.

Wengine husema London ametunzwa vizuri. Ni kweli. Lakini mali ya vita si zawadi. Kwa nini mtoto wa Mysore avuke bahari kuona kumbukumbu ya kwao? Mimi nasema arudishwe. Wewe unaonaje?