Mzigo Urudi Ndipo Pesa Irudi

Anayeuza viatu kwa WhatsApp au magauni ya mitumba kwa Instagram jijini Nairobi hana kaunta wala mlinzi wa mlangoni. Ana simu, ana mtu wa boda wa kumpelekea mzigo, na ana meseji ya M-Pesa inayomwambia kwamba amelipwa. Akidhulumiwa na mnunuzi akalalamika, hujibiwa kwa hoja zilezile kila mara, na zimerudiwa hadi watu wazima wenye busara wanaziamini. Hazistahili kuaminiwa.

Ataanza kuambiwa kwamba alizembea: meseji ikishaingia, biashara imekwisha, na pesa ikitoweka baadaye, kosa ni lake. Tuangalie inavyokuwa. Nchini Kenya, aliyetuma pesa ya M-Pesa kwa namba isiyo yenyewe anaweza kuipeleka meseji ya muamala kwa 456 na kuomba arudishiwe. Utaratibu huo ni mwema na sitaki uondolewe. Watu hukosea tarakimu moja, karo ya mtoto ikaingia kwenye simu ya mtu wasiyemjua kabisa. Lakini mnunuzi mwenye nia mbaya hulipa huku mtu wa boda amesimama mlangoni, muuzaji akathibitisha kwa simu, mzigo ukakabidhiwa, pikipiki ikaondoka. Kisha huyo huyo anaomba kurejeshewa akidai alikosea namba. Kama pesa bado imo kwenye akaunti, inaweza kushikiliwa wakati madai yakichunguzwa. Muuzaji aliyeisubiri meseji na kuangalia salio kabla ya kusema "mpe mzigo" amezembea wapi?

Meseji feki ni jambo jingine. Ile inayotoka kwa namba ya kawaida ya simu, huku salio halijaongezeka, muuzaji anaweza kuigundua na anapaswa kuigundua. Tusichanganye mambo mawili. Katika kurivasi, yaani kuomba pesa iliyotumwa irudishwe, pesa iliingia kweli.

Wauzaji wenyewe hushauriana watoe pesa mara tu inapoingia, au waihamishie benki. Ushauri huo unafanya kazi, ila kila kutoa kuna ada, na kwa hiyo muuzaji anatozwa katika kila mauzo kwa sababu ya mwizi ambaye pengine hatakuja leo. Dawa bora imeshapatikana: kwenye Pochi la Biashara, huduma ya Safaricom ya kupokea malipo, mteja hawezi kuirudisha pesa peke yake bila muuzaji kuhusishwa. Mnunuzi mwaminifu hakupoteza chochote kwa mpango huo. Kumbe inawezekana kuujenga mfumo ambao muuzaji naye anaulizwa.

"Ni wachache tu, wahesabu kama gharama ya biashara." Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu husemwa na wasiowahi kupiga hesabu ya biashara ndogo. Chukua gauni lililonunuliwa kwa shilingi 1,200 na kuuzwa 1,500. Faida ni 300. Likiibwa moja, lazima yauzwe mengine manne ili tu mtaji urudi palepale ulipokuwa, na nauli ya boda bado hatujaigusa. Kampuni kubwa huigawa hasara ya aina hiyo katika maelfu ya mauzo. Mama anayeagiza magauni kumi kwa wiki hana pa kuigawia.

Wala si kweli kwamba hawa ni watu wawili watatu wenye tamaa ya ghafla. Desemba 2023 Amazon ilifungua kesi katika mahakama ya shirikisho jimboni Washington, Marekani, dhidi ya kundi linalojiita REKK. Kwa mujibu wa madai ya kampuni hiyo, kundi lilijitangaza kwenye Telegram, likiwapatia wanunuzi marejesho ya bidhaa ambazo hawakuzirudisha na kujikatia asilimia yake, huku wafanyakazi wa maghala wakihongwa waandike kwamba mzigo umerudi. Kama kampuni yenye mawakili na kamera za Amazon ililazimika kwenda mahakamani, tunamwambiaje muuza viatu avumilie?

Kisha huja hoja kwamba mteja ni mfalme, na kwamba muuzaji ndiye mwenye nguvu. Wauzaji matapeli wapo, tena wengi. Kuna wanaopokea malipo kisha wanamblock mteja, na wanaoonyesha picha ya ngozi halisi wakatuma plastiki. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na atetewe kwa nguvu zote. Lakini nguvu kwenye masoko ya mtandaoni imehama. Tangu Mei 2008, muuzaji wa eBay hawezi kumwandikia mnunuzi tathmini mbaya, ilhali mnunuzi anaweza kumwandikia yeye. Wauzaji waligoma mwaka huo, na kanuni ikabaki. Anayeambiwa "nirudishie pesa au nikuharibie jina" anajua nguvu iko kwa nani.

Ati apige picha kabla ya kufunga mzigo? Apige. Picha inaonyesha kilichotoka, haionyeshi kilichorudi. Video ya kufungua kifurushi kilichorudishwa na namba ya IMEI ya simu iliyouzwa vinasaidia zaidi, ikiwa tu kuna mtu anayevitazama kabla ya kuamua.

Wasiwasi mmoja nauheshimu: kwamba kumlinda muuzaji ni kumnyang'anya mnunuzi haki yake. Ulaya imeshaujibu. Sheria ya Umoja wa Ulaya humpa aliyenunua mtandaoni siku 14 za kughairi bila hata kutoa sababu, na ni vigumu kupata ulinzi mpana kuliko huo. Sheria hiyohiyo inamruhusu muuzaji kuishikilia pesa hadi mzigo umfikie au mnunuzi athibitishe kwamba ameutuma. Mnunuzi aliyeitumia bidhaa kupita kiasi cha kuijaribu huwajibika kwa thamani iliyopungua. Na tangu Julai 2020, kanuni nyingine ya Umoja huo inayalazimu masoko ya mtandaoni kumpa muuzaji sababu kwa maandishi kabla ya kuifunga akaunti yake, na pia njia ya kulalamika. Mnunuzi wa Ulaya hajapoteza hata siku moja kati ya zile 14.

Mwisho anaambiwa aende mahakamani. Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi 2021, inayosikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja, hukumu itoke ndani ya siku 60, na wakili si lazima. Kwa aliyedhulumiwa simu ya shilingi 60,000 ni njia ya kweli, na ningemhimiza aitumie. Kwa gauni la 1,500, siku moja ya kufunga biashara ili aende kusikilizwa inazidi anachodai. Mzozo wa gauni unapaswa kuamuliwa palepale pesa ilipopita. Anayedai marejesho ya bidhaa aonyeshe mzigo umerudi, muuzaji apewe siku mbili za kujibu kabla pesa haijaondoka kwake, na namba inayodai kila mwezi kwamba ilikosea ichunguzwe.