Maarifa ya Nyumbani: Ufa Ulio Chini ya Ziwa Mweru

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Msemo huu yafaa kuukumbuka kila wataalamu wafikapo kijijini na nyundo zao, wakavunja vipande vya mawe, wakavitia katika mifuko na kwenda zao.

Nchelenge ni mji wa wavuvi ulioko mwambao wa mashariki wa Ziwa Mweru, katika Jimbo la Luapula, kaskazini ya Zambia. Huko, na Kashikishi jirani yake, akina mama huanika juani chisense, samaki wadogo mfano wa dagaa wa Kigoma. Wachuuzi wavukao kutoka upande wa Kongo huja na Kiswahili chao. Ni mara chache mtu hukaa akauliza shimo hilo kubwa lililobeba maji lilitokeaje. Hata hivyo jawabu lake lamhusu kila mwenye nyumba, kwa sababu lahusu ukuta anaolala kando yake.

ZIWA LILIVYOFANYIKA

Mto Luapula huleta maji kutoka mabwawa ya Bangweulu na kuyaingiza ziwani upande wa kusini. Maji hayo hutoka kaskazini, penye mji wa Pweto, kwa jina la Mto Luvua, yakaenda kuungana na Lualaba katika safari ya kuelekea Mto Kongo. David Livingstone alipofika katika ziwa hili mwezi wa Novemba 1867, alikuwa akitafuta njia za mito. Juu ya nyufa za ardhi wasafiri wa wakati ule hawakujua mengi.

Leo yajulikana kwamba Mweru limekaa mahali ambapo ardhi ilipasuka na kudidimia. Ni jamaa wa Tanganyika na Rukwa, maziwa ya Bonde la Ufa. Ardhi ya pande hizi ingali ikivutwa na kuachana, milimita chache tu kwa mwaka, polepole kuliko ukucha unavyokua. Lakini mwamba hauvutiki kama mpira. Huvumilia miaka mingi, kisha hukatika mara moja, na huko kukatika ndiko tunakokuita tetemeko la ardhi.

KAZI YA CHAMA CHA WATAALAMU

Mtu mmoja hawezi kuyajua haya peke yake. Mmoja husoma miamba, wa pili hupima mitetemo kwa mashine, wa tatu huchunguza joto la chemchemi. Ndiyo maana wataalamu wa ardhi wameunda vyama. Chama cha Wanajiofizikia cha Marekani kilianzishwa mwaka 1919, na Chama cha Jiolojia cha Afrika mwaka 1973. Vyama hivi huitisha mikutano na kuchapisha majarida. Mtafiti akileta habari zake, hazichapishwi kwa heshima ya jina lake. Hupewa kwanza wataalamu wenzake wazichambue, watafute kosa, wamrudishie asahihishe. Kwa njia hiyo neno la mtu mmoja hugeuka kuwa maarifa ya wote.

Mfano mzuri ulipatikana mwaka 2020. Katika jarida moja la chama hicho cha Marekani, watafiti kutoka Uingereza na wenzao, akiwamo mtaalamu wa Zambia, walitoa hoja kwamba kuna tawi la Bonde la Ufa linaloanzia pande za Ziwa Tanganyika, likapita katika nyanda za Zambia na kuelekea Botswana na Namibia. Ikiwa ndivyo, nchi ambayo wengi waliidhani imetulia ingali katika mwendo, na mwambao wa Mweru umo katika mwendo huo.

TETEMEKO NA UKUTA

Tarehe 24 Februari 2017, usiku wa manane, tetemeko la kipimo cha 5.9 lilitokea karibu na Kaputa, kaskazini mashariki ya Nchelenge. Miezi mitano kabla ya hapo, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la kipimo hicho hicho lilipiga Bukoba, Tanzania, likaua watu zaidi ya kumi na tano na kubomoa nyumba nyingi. Na mwaka 1910, katika eneo la Rukwa, lilitokea kubwa zaidi, la kipimo cha 7.4 hivi, mojawapo ya makubwa kupita yote yaliyopata kupimwa katika Afrika ya Mashariki.

Basi yafaa kujua jambo moja: aghalabu kinachoua si ardhi kutikisika bali ni nyumba kuanguka. Hakuna mtaalamu awezaye kutaja siku ya tetemeko. Anachoweza ni kuonyesha mahali penye hatari, na fundi akajenga ipasavyo.

YAFAAYO KUFANYWA NYUMBANI

Mwenye kujenga achimbe msingi hadi penye udongo mgumu, wala asijenge juu ya mchanga uliolowa wa kando ya maji. Pembe za nyumba zifungwe vizuri, na juu ya kuta upitishwe mkanda wa zege wenye nondo ili kuta zote zishikane. Asiye na uwezo wa saruji na apunguze urefu wa kuta na kuacha nafasi ya kutosha kati ya dirisha na pembe. Bati au nyasi zishikiliwe na mbao zilizofungwa imara.

Ndani ya nyumba, vitu vizito visiwekwe juu ya kitanda cha mtoto. Ardhi ikitikisika, walio ndani waingie chini ya meza imara na kukinga vichwa. Walio nje wakae mbali na kuta. Tetemeko likipita, moto wa jikoni uzimwe kwanza, kisha nyufa zikaguliwe kabla ya watu kurudi kulala, maana mara nyingi matetemeko madogo hufuata.

Kadhalika mwalimu wa shule au mzee wa kijiji aandike tarehe, saa, na yaliyoonekana: vyombo kuanguka, ukuta kupasuka, chemchemi kubadilika. Habari hizo apelekewe mtaalamu wa serikali, kwa kuwa mashine za kupimia ni chache, na macho ya wananchi yako kila mahali.

DENI LA MGENI

Majarida ya vyama hivi huandikwa kwa Kiingereza, na mikutano yao mara nyingi hufanyika mbali sana na Luapula. Kazi iliyofanywa kwa jiwe la Mweru yaweza kusomwa London na isisikike Kashikishi. Hapo mgeni amekuja, lakini mwenyeji hajapona. Kazi ya mtafiti itahesabiwa kuwa imetimia siku fundi wa Nchelenge atakapoelezwa, kwa lugha anayoielewa, kwa nini ukuta wake wahitaji ule mkanda wa zege.